Zamu ya Mugeni katika Ziwa Lukumbe

Sili sardini. Watu wa nyumba hii wanajua, lakini juzi mutoto mumoja wa mujukuu wangu alisahau, akafungua kopo hapa hapa miguuni kwangu, mafuta yakamwagika juu ya mukeka. Nikasimama nikatoka nje bila fimbo yangu. Kwa mutu wa umri wangu, kutoka nje bila fimbo ni habari ya mutaa muzima. Wakanifuata wakiniita koko, yaani bibi: koko, kuna nini, koko, unaumwa? Nikasema hapana, ni harufu tu. Wakacheka. Muke wa mwanangu, ambaye hana subira na mambo yangu, akasema sardini ni chakula laini, hakina mifupa, kwa mutu asiye na meno kingefaa. Ni kweli meno sina. Yale ya mbele yaliondoka hapa Kasongo, kwa ajili ya mutu fulani na baiskeli yake, lakini ile habari tuiache.

Kwangu miye harufu ya sardini ni harufu ya ziwa. Utasema ndiyo, samaki ni samaki. Sisemi hivyo. Ziwa letu lilipokuwa hai halikunuka samaki hata kidogo. Lilinuka majani ya maji yaliyolala juani, na lile tope jeusi la chini ambalo ukilipasua kwa kidole cha muguu linakutolea pumzi ya baridi. Harufu ya sardini ilikuja mwishoni, wakati ziwa lote liliweza kuingia ndani ya kopo. Lakini hapo nimeruka. Wacha nirudi.

Kwetu ni upande wa Wamaza, Kabambare, unakwenda kwa muguu mpaka unachoka kuuliza. Ziwa liliitwa Lukumbe. Usilitafute kwenye karata za wazungu, zile ramani zao, halikuwa ziwa la kuandikwa. Ukisimama ukingo huu ukimuita mutu wa ukingo ule, alikusikia, kama hakuwa na kiburi. Vijito viliingia kutoka vilimani, na kijito kimoja kilitoka kikateremuka mpaka kijijini. Ndicho tulichokunywa, ndimo tulimooga, ndimo tulimoloweka muhogo. Siku hizi redio inasema kuna maziwa makubwa ya dunia yanarudi nyuma, mitumbwi inabaki juu ya muchanga kama viatu vya mutu aliyekufa. Vijana wanasikiliza wanashangaa. Miye sishangai. Ninazima redio tu.

Kila maji ya kwetu yalikuwa na mama yake. Sisemi muzimu. Ninasema mwanamuke wa kijiji, mwenye watoto na mugongo unaouma. Mama wa Lukumbe alikuwa mama yangu mimi, naye alipokea kwa mama yake. Kiangazi kikishakaza, wanawake walijenga ukuta wa tope na vijiti, wakakata pembe moja ya ziwa, pembe moja tu. Kisha walisimama musitari wakamwaga maji nje kwa vibuyu, huku wakitukanana kwa utani, matusi ambayo siku nyingine yangeleta vita. Shangazi Zaina, dada ya baba, ndiye alikuwa bingwa wa yale matusi. Aliweza kumutukana mutu mpaka mutu akashukuru. Maji yalipungua, kambare wakabaki wanajipiga-piga ndani ya tope, vitunga vikajaa. Kambare mwenye mayai mama alimushika kwa mikono miwili na kumurudisha ng'ambo ya ukuta.

Sasa sikia sehemu hii, kwa sababu mengine yote yanatoka hapa. Kazi ile ilikuwa kwa zamu: leo ukoo huu, kesho ule. Na mwenye zamu, kabla jua halijaingia, alipanda juu ya ukuta akaubomoa kwa muguu wake mwenyewe. Maji yakarudi yakikimbia, yakitoa povu. Naye akageuka kwa mama yangu, akasema, "Maji nimeyarudisha." Mama akajibu, "Tumepokea." Hapo ndipo moto uliwashwa. Bila yale maneno hakuna aliyechoma hata mukia wa samaki, na bila yale maneno hakuna mwingine aliyeweza kuanza zamu yake. Mugeni naye alipewa zamu, hata mupita njia, hata mwanamuke aliyemukimbia bwana yake kule Nyangwe akaja kwetu na kitambaa kimoja. Kumunyima mugeni maji ilikuwa aibu kupita wizi.

Basi, muzungu akaja, akaomba.

Mpaka leo sijui kwa nini aliomba. Leta, serikali ya wazungu, haikutuomba pamba, ilituambia limeni. Haikutuomba barabara. Pengine huyu alikuwa bado mupya katika inchi, au pengine aliona samaki na vitunga akafikiri kuna mwenyewe. Alikuwa muzungu mwembamba mwenye ndevu mbili ndefu za juu ya mudomo, zimelala huku na huku, na sisi watoto siku ile ile tukamuita Bwana Kambare. Alikaa muda mrefu ukingoni akichota changarawe ndani ya karai, akiiosha, akiitazama, akiimwaga. Kisha alikuja mbele ya nyumba yetu na kapita wake, musimamizi wa kazi zake, mutu wa Nyangwe mwenye kanzu safi, akapewa kiti.

Kapita akasema Bwana anataka kukausha Lukumbe, kuna kitu anatafuta chini, akishakipata atakwenda zake. Mama akauliza anataka pembe gani. Kapita akamugeukia muzungu, akarudi na jibu: yote. Wanawake waliokuwa nyuma ya mama wakacheka mpaka Shangazi Zaina akakaa chini. Mama mwenyewe alicheka. Alisema huyu ni mugeni mwenye njaa, hajapata kuona samaki kwao. Kisha akaacha kucheka, akasema taratibu, kama mutu anayefunga kamba, "Muambie zamu ni yake. Atakapomaliza, avunje ukuta, aje mbele yangu aniambie maji ameyarudisha."

Kapita alitafsiri maneno machache sana kwa maneno yale mengi ya mama. Muzungu akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Tuliona wote.

Jioni ile baba, akila bukari yake, ugali wetu wa muhogo, alimuambia mama kwamba kusema ndiyo au hapana ilikuwa mamoja, angekausha vilevile. Mama akasema, "Ningekataa angekuwa mwizi. Sasa ni mugeni." Baba akamega tonge jingine. Alikuwa mutu wa maneno haba, alimeza bukari kama anameza jibu.

Kesho yake askari walipita wakakusanya wanaume wa kazi, na baba akiwa ndani yao. Wakapewa piki za kuvunjia udongo na beleshi. Hawakujenga ukuta. Walianza mbali, chini ya kilima, wakachimba mufereji wakipanda nao kuelekea ziwa, wenye kina kirefu, mpaka baba akisimama ndani niliona beleshi tu ikitupa udongo juu. Miye nilikuwa ninamupelekea chakula mchana, na kila siku nilimuuliza ukuta utajengwa lini. Baba alisema chimba ndiyo neno alilopewa. Siku walipofungua kichwa cha mufereji, Lukumbe ilitoka kama ng'ombe aliyefunguliwa. Sauti yake niliisikia kifuani, siyo masikioni. Ilikwenda mchana kutwa, na kesho yake tena, kisha tukaona tumbo la ziwa ambalo hakuna mutu alikuwa ameliona, hata mama ya mama.

Na samaki! Sitakudanganya, tulifurahi. Kompanyi ya Bwana Kambare ilikuwa inatafuta mawe, mawe meusi madogo mazito, inayaosha ndani ya masanduku marefu ya mbao, na samaki wote ilitupa ukingoni. Kijiji kizima kiliteremuka. Tulikula kambare asubuhi, tukala kambare jioni, tulikausha juu ya moshi mpaka nyumba zilinuka, tulipeleka mpaka Wamaza. Watu walimupita mama njiani wakamusifu kwa mugeni aliyemupata. Shangazi Zaina, akiwa na mimba kubwa, alisema mutoto wake atazaliwa na ndevu za kambare. Wenye mayai hakuna aliyewarudisha. Kuwarudisha wapi?

Miye kichwa changu cha mutoto kiliona jambo moja: huyu muzungu hajui kuvua. Anaweka mawe ndani ya gunia, anatupa samaki! Nilimuonea huruma kweli. Nilifikiri kwao hakuna mama wa kumufundisha. Basi siku moja nilichukua kambare muzuri, mwenye mwili kama mukono wangu, nikaenda mpaka mbele ya meza yake. Nikainua samaki juu, nikatikisa kichwa ndiyo. Nikagusa mawe meusi, nikatikisa kichwa hapana. Nikarudia, polepole, kama unavyomufundisha mutoto kuvaa. Kapita alifunika mudomo wake kwa mukono wa kanzu. Muzungu alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akaingiza mukono ndani ya sanduku, akatoa kopo dogo la kung'aa, akanipa. Kapita akalifungua kwa kile kifunguo kinachozungusha bati kama mukeka. Ndani mulikuwa samaki, wadogo, hawana vichwa, wamelala sambamba ndani ya mafuta kama watoto waliolala pamoja wakati wa baridi.

Nikasimama pale nikaelewa yote. Kumbe anajua! Yale mawe wazungu wanayapeleka kwao, wanayapika, yanageuka bati, na samaki wanazaliwa mule ndani. Ndiyo maana alitupa wetu, wetu walikuwa wabichi mno, wa kishenzi. Nilikimbia mpaka kwa mama na kopo yangu nikamueleza. Mama alichukua samaki mumoja kwa vidole, akamugeuza, akamutafuta upande huu na upande huu.

"Huyu hana kichwa, tumbo limepasuliwa," akasema. "Wanajuaje kama alikuwa na mayai?"

Miaka mingi baadaye, hapa Kasongo, kwa maseri, wale masista wa misheni, ambako nilisoma kidogo mpaka waliponirudisha kwa sababu ya mimba, mujue na hilo pia, seri mumoja alituambia kwamba yale mawe meusi ya Maniema yanayeyushwa, na maji yake yanapakwa juu ya makopo ya chakula yasipate kutu. Wenzangu waliandika. Miye nilibaki na kalamu mukononi. Sikuwa nimekosea sana.

Mawe yakaisha. Hatukuambiwa kwamba yameisha. Asubuhi moja hema haikuwako, masanduku ya mbao yalikuwa yamepinduliwa, na watu wa kazi walisema kompanyi imehamia upande wa Lusangi. Mama alioga, akavaa kitambaa chake kizuri, akakaa mulangoni. Alikaa akingojea Bwana Kambare aje amuambie neno moja. Nilikaa naye. Nilimutetea kwa watoto wenzangu: atakuja, alitikisa kichwa, tuliona wote. Labda anasubiri mvua, mvua ndiyo itakuwa muguu wake.

Mvua ikaja. Ilinyesha kama kila mwaka, hapo Mungu hana lawama. Maji yalishuka vilimani, yakaingia Lukumbe upande huu, yakapita katikati kama mutu anayekatiza uwanja wa watu, yakatokea kwenye mufereji upande ule. Hayakukaa hata kulowesha tope. Kijito chetu kikawa na rangi ya tofali, kikaja na udongo wote ule uliooshwa kwenye mawe, kikaziba mashimo yetu ya muhogo. Mvua ilipokata, kikakatika nacho, kikabaki vidimbwi vya kijani.

Mama alimuambia baba waende wabomoe ukuta. Baba alikuwa anachonga mupini wa jembe. Alisema bila kuinua uso, "Ukuta haiko. Nilichimba kwa mikono yangu. Sakafu ya mufereji iko chini kuliko sakafu ya ziwa."

"Sasa tubomoe nini?" mama akauliza.

Baba akaendelea kuchonga, mpaka mupini ukawa mwembamba hautumiki tena.

Kiangazi kilichofuata ndicho kilianza kumukula mama. Mutu akipita na kibuyu kitupu alimusalimia kwa jina la cheo: mama wa maji, hujambo, umeamuka na maji? Shangazi Zaina alikuwa mukali kuliko wote. Aliketi na mutoto wake mugongoni akauliza kwa sauti ya kusikika, "Wifi, mugeni wako ametutumia salamu? Ulimupa zamu, ulimupa na sisi?" Kisha tumbo la kuhara likaingia kwa wadogo, kwa wale waliokunywa vidimbwi, na mutoto wa Shangazi Zaina akaondoka nalo. Baada ya mazishi shangazi alikuja akakaa karibu na mama, bega kwa bega. Hakumutukana tena hata siku moja, hakumutukana mutu yeyote. Ningetoa kitu chochote kusikia tena tusi lake moja.

Ndipo mama akachukua kitunga chake akaenda kujenga. Maisha yake yote alijenga ukuta wa kuzuia maji yasiingie kwa siku moja, sasa alijenga ukuta mudomoni mwa mufereji wa kuzuia yasitoke. Tope na vijiti, kama alivyofundishwa. Wanawake wengi walikuja mara ya kwanza. Mvua moja kubwa iliubeba ukuta wote. Wakaja wachache. Mvua ikaubeba. Mwisho tukabaki mama na miye, na ninakumbuka alivyokuwa akipiga tope kwa kiganja, pa, pa, pa, kama anamubembeleza mutoto asiyetaka kulala.

Lakini pamba ya mama ilikuwa imejaa majani. Mukaguzi wa pamba alipopita aliona shamba, akauliza mwenyewe yuko wapi, akaambiwa yuko ziwani. Akauliza ziwa gani. Mwanamuke hawakumulaza chini, walimulaza baba. Walimuchapa mbele ya watu wote kwa pamba ya muke wake. Aliposimama alifunga kikoi chake, akamutazama mama, siyo kwa hasira. Ingekuwa hasira mama angeendelea. Kesho yake mama alichukua jembe akaenda kwenye pamba. Ukuta ulikuwa umefika kifuani kwangu. Hatukurudi.

Katikati ya Lukumbe kulibaki jicho moja la maji, likitoka chini kati ya mawe, dogo sana, kibuyu hakikuingia. Miye ndiye nilikumbuka kopo yangu. Nilikuwa nimeitunza, niliweka ndani shanga na kifunguo chake. Nikamupa mama. Akapiga magoti pale tumboni mwa ziwa, pahali ambapo zamani mwanaume mrefu angezama, akachota kwa kopo, akamimina ndani ya kibuyu, akangoja jicho lijae tena, akachota. Tulisugua ile kopo kwa majivu, kwa muchanga, kwa majani ya ndimu. Harufu haikutoka. Tulikunywa maji ya Lukumbe yenye harufu ya sardini mpaka nalo jicho likafunga.

Watu walimuomba mama afungue zamu mupya, kwenye vidimbwi vya bonde la nyuma, vilikuwa na samaki wadogo. Alikataa. Alisema zamu ya mugeni haijafungwa, hajasema neno lake, naye hawezi kutoa zamu juu ya zamu. Wengine walisema akili yake imekwenda na maji. Leta ikatuhamisha wote tukajenge kando ya barabara, na pale barabarani kila mutu alichota alipopata, hakuna mama wa maji, hakuna zamu. Nyumba zilikuwa musitari mumoja mwema. Baba alikufa kule. Mama nilimuleta hapa Kasongo kwangu, akazeeka akiwa mupole, akichukua kikombe cha maji anakinusa kwanza.

Mwisho wake ulikuwa mchana, jua limetulia. Alifungua macho akaniuliza, "Amekuja?"

Sikuuliza nani. Nikasema bado, mama.

"Akija umujibu."

Nikasema nitamujibu. Tangu hapo mama wa maji ni miye. Hakuna aliyeniweka, hakuna hata mutu wa kunisalimia kwa lile jina, na ziwa lenyewe wanalima humo viazi, kwenye makavu ya pembeni, na katikati vijana wamerudi kuchimba mawe yaliyosalia, wanakunywa maji ya plastiki na kutupa mifuko mule ndani. Bwana Kambare amekufa zamani, najua kuhesabu miaka ya mutu. Lakini mutu akisimama mulangoni bila kusema jina lake, bado ninajitengeneza kitambaa, ninanyoosha mugongo. Neno langu ni moja tu, mama aliniachia. Sijapata kulisema hata mara moja kwa sauti. Tumepokea.